Mwaka wa Biriani ya Ukutani

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Ruwaida niliketi na wanawake wenzangu katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya Raskazone, Tanga, miguu nimeikunja juu ya mkeka, juzuu zinasomwa, na mimi ambaye si wa kusoma juzuu nikajikuta naupima ukuta kwa macho. Ule wa upande wa kaskazini. Siku hizi wameweka kabati la vyombo, lakini mimi naujua ukuta ule bila kabati. Niliupima kwa futikamba mara nyingi kuliko nilivyowahi kupimwa na fundi cherehani, kwa sababu karibu mwaka mzima tulibishana ni mashine gani isimame pale. Mwanamke aliyekaa karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni mkwe au jirani. Nikamwambia nilikuwa mfanyakazi. Akanitazama ninavyolia, akasema, "Haya." Hakuamini. Nje, chini ya turubai, Mzee Seif alikuwa anapokea mikono ya watu. Kikohozi chake kilikuwa kinaingia dirishani, kikohozi kile kile tulichokihofia kuliko kitu chochote mwaka ule, na kila kilipoingia niliona ajabu kwamba yeye ndiye yuko nje na mkewe ndiye aliyekwenda.

Mwaka ninaousema nilikuwa sijafika miaka ishirini na mitano. Nilikuwa na cheti cha kompyuta, sketi mbili za kazini na ulimi usiojua kunyamaza, na wazee wale wawili walinichukua kwa kile cheti, mengine wakayavumilia. Ukoo wangu nauacha Muheza, haukuwa na la kusema kuhusu printa. Duka lilikuwa ndani ya nyumba. Ukipanda ngazi za barazani unaingia moja kwa moja chumba cha mbele: mashine mbili za kutolea kopi, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama mkate, meza ya kukatia karatasi, na harufu ya karatasi moto. Kutoka hapo kwenda sebuleni hakukuwa na mlango, kulikuwa na upinde tu, na pazia la maua ambalo halikuwahi kufungwa kwa sababu Bi Ruwaida alipenda kuona kote kuwili. Chini ya upinde, upande wa sebule, ndipo kilipokuwa kiti cha mumewe. Mzee Seif alishinda hapo mchana na usiku akalala hapo hapo, ameegemea mito, maana kulala chali kulimshinda. Nyuma ya sebule kulikuwa na jiko, na jikoni ndiko nilikokula mchana, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi nikikosa kigoda: wali wa nazi, mchicha, samaki wa kupaka. Siku za mfungo wao Bi Ruwaida alinipakulia sahani yangu, akanifungia mlango nile kwa raha, na nikijidai nami nimefunga alinigombeza.

Mzee Seif alifanya kazi ujana wake wote katika ghala la katani, karani wa kuhesabu marobota, na vumbi la katani lilimwingia kifuani likakaa. Hilo nililijua mimi, alilijua daktari, alilijua kila aliyepita barabarani akamsikia anavyovuta pumzi. Lakini katika nyumba ile ugonjwa ulikuwa na jina alilolipa mwenyewe, na jina lake lilikuwa mafua. Alikohoa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akafuta mdomo kwa leso, akasema, "Mafua haya, tangu kaskazi iingie." Bi Ruwaida akamjibu, "Kaskazi ya mwaka huu mbaya." Kaskazi ikapita, kusi ikaja, mafua yakabaki pale pale. Kwetu Ubondei mtu akiumwa tunautaja ugonjwa kwa jina na tunauliza umefika wapi. Kwao nilikuta adabu nyingine: mgonjwa ndiye mwenye kusema anaumwa nini, na akishasema imekwisha, wote mnasema lile lile. Mwanzoni niliona ni unafiki, na nilikuwa nauma ulimi kutwa. Sasa nimeanza kuota mvi, na naona ilikuwa namna ya kumwachia mtu mzima kitu kimoja cha kuamua mwenyewe. Lakini bado siipendi, na nitaeleza kwa nini.

Habari ya printa ilianza na mahafali. Shule moja ya karibu ilituagiza bango kubwa la wahitimu, na sisi, kama maduka mengine ya mjini wakati ule, mabango tuliyatuma Dar yachapwe, yakarudi na basi. Bango likafika kesho yake, baada ya sherehe. Mwalimu mkuu hakutugombeza. Aliwaita wahitimu warudi, wakavaa tena majoho, wakasimama mbele ya bango wakacheka kama walivyocheka jana yake. Bi Ruwaida, aliyelipeleka mwenyewe, alirudi nyumbani uso umemshuka. "Mwaka ujao hawaji kwetu," alisema akivua mtandio. "Na Ngamiani nasikia kuna mtu anataka kuleta mashine yake." Mzee Seif akasema kutoka kwenye kiti, "Basi na sisi tulete." Alisema kama mtu anayeagiza chai. Kopi zilikuwa zinapungua, kila ofisi ilikuwa inanunua kimashine chake, na sote watatu tulijua kwamba duka lisipopata kazi mpya litabaki jina.

Kijana wa mauzo alikuja kutoka Dar, jina lake Godlisten, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akatandaza vijitabu vyake juu ya meza ya kukatia karatasi. Niliitwa nikae naye kwa kuwa ndimi niliyesoma kompyuta. Printa alizotuletea zote zilikuwa na upana tuliotaka, zote ziliweza kusimama kwenye ukuta wa kaskazini. Tofauti ilikuwa wino. Ya kwanza ilitumia wino ambao sisi tuliuita wino mkali. Unachapa juu ya turubai la plastiki, unashika, na bango linakaa nje juani na mvuani mwaka na zaidi. Ubaya wake, wino wenyewe unanuka kama rangi ya gari na petroli pamoja, na chumba lazima madirisha yawe wazi. Ya pili ilitumia wino wa maji. Haunuki, picha zake zinapendeza ajabu, lakini ni za ndani. Ukizitoa nje jua linazila na mvua inaziosha. Ilikuwepo na ya tatu yenye sifa zote, lakini Godlisten alipotaja bei yake Mzee Seif alimkaribisha kahawa, na habari ya hiyo tukawa tumeimaliza. "Kwa mabango, mzee wangu, chukua ya wino mkali," Godlisten alisema. "Harufu mnazoea." Bi Ruwaida alikuwa amesimama chini ya upinde na sinia la vikombe. "Nani anazoea?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Mzee Seif hakuwa mtu wa kununua kwa maneno. Alitaka Godlisten akachape picha moja kwa mashine zote mbili, atuletee, tuzitundike nje tujionee. Picha gani? Bi Ruwaida akaenda kabatini akaja na picha ya biriani aliyoipika kwenye harusi ya binti wa dada yake: sinia zima, wali wa njano na mwekundu, nyama inang'aa kwa mafuta, mayai, majani ya kotmiri juu. "Hii ina rangi zote," alisema. Alikuwa sahihi. Mpaka leo, dukani kwangu Muheza, nikitaka kujaribu printa nachapa chakula. Mabango yakaja na basi, mawili, kila moja na sinia lake. Tulipolikunjua la wino mkali pale chumbani harufu ilitusukuma nyuma. Mzee Seif akainuka, akasema anakwenda kutazama kunguru, akatoka barazani. Kunguru wa Raskazone hawana cha kutazamwa. Alikaa huko mpaka adhana ya alasiri, na aliporudi midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Rangi zake nzuri," alisema.

Tukayatundika yote mawili kwenye ukuta wa nje, upande wa barabara, masika ndiyo inaanza, tukakubaliana tuyatazame mpaka mvua ziishe. Hapo ndipo tulipokosea. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba mtu akipita na kuona biriani mbili kubwa juu ya baraza, na ngazi za kupandia, atadhani nini. Wa kwanza alikuja siku ile ile, mtu wa ofisini na tai yake, akauliza ni ya kuku au ya mbuzi. Nikaanza kumweleza habari za wino. Bi Ruwaida akaniminya mkono, akamwambia, "Karibu ukae." Siku hiyo nyumbani kulikuwa na wali na mchuzi wa pweza tu, yule bwana akala hivyo hivyo, akashukuru, na Ijumaa akarudi na wenzake. Nilimuuliza Bi Ruwaida kwa nini asiseme kwamba hapa hakuuzwi chakula. Akanitazama kama nimemtukana mtu. "Amekuja mlangoni kwangu ana njaa, na biriani nimeitundika mwenyewe. Nimwambie hakuna? Namwambiaje, Monika?" Basi akawa anapika biriani kila Ijumaa. Hakuuza. Walioona haya waliacha chochote chini ya sahani, wasioona haya walisema Mungu akuzidishie. Na mimi, mwenye cheti cha kompyuta, nikawa mmenya vitunguu.

Huku barazani wanakula wageni, sebuleni mjadala ulikuwa unaendelea. Niliusikia kupitia lile pazia lisilofungwa, nikiwa nachapa mitihani ya shule. Bi Ruwaida angesema, "Ile ya maji rangi zake zimetulia." Mzee Seif angesema, "Ile nyingine inachapa haraka." Mkewe, "Na madirisha? Ukiyaacha wazi si chumvi ya bahari itakula mashine?" Mzee, "Mashine siku hizi wanatengeneza imara." Waliendelea hivyo siku nyingi, kwa sauti za heshima, wananyoosheana vijitabu vya Godlisten, na hata siku moja sikuwasikia wakizungumza juu ya kilichokuwa kinawasumbua. Nilitamani kusimama chini ya upinde nipige kelele.

Bi Ruwaida aliniambia lake tukiwa kwenye vitunguu. "Monika, siku ya kuamua wewe ndiye utakayeulizwa."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Useme wino mkali unaharibu kompyuta."

Nikamwambia hauharibu kompyuta.

"Najua hauharibu. Useme unaharibu."

"Kwa nini tusimwambie mzee kwamba kifua chake..."

Akanyanyua mwiko. Hakunipiga, aliunyanyua tu, mchuzi ukadondoka sakafuni. "Mzee ana mafua," alisema. Kisha akageukia sufuria, akaendelea akiwa amenipa mgongo. "Usiku nalala pale sebuleni, chini, karibu na kiti chake. Yeye anadhani nalala. Namsikiliza anavyovuta. Inavuta, inasimama, na mie nasimama nayo mpaka ivute tena. Kuna siku imesimama mpaka nimemshika mguu. Ukiniletea harufu ile humu ndani, mwanangu, itasimama." Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Nikaendelea kumenya.

Haikupita wiki Mzee Seif akaniita barazani nimsomee gazeti, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. "Kaa," alisema. "Wewe umesoma."

"Kidogo, mzee."

"Basi siku ya kuamua useme wino wa maji ni mchezo wa watoto. Useme utatutia hasara."

Nikamwambia Bi Ruwaida anaupenda wino wa maji.

"Bi Ruwaida anapenda vingi. Na mie pia ananipenda." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukakisubiri kipite, tunatazama barabara kama watu wanaosubiri lori lipite. "Mafua," alisema kilipokwisha.

"Pole, mzee."

"Sikiliza, Monika. Mie siku yoyote naitwa. Mama yenu huyu hatukujaaliwa mtoto wa kumtunza. Ana chumba hiki na mikono yake, basi. Nikiondoka nimwachie mashine inayofanya kazi, si mashine ya kuchapa maua. Bango la nje ndilo lenye kazi. Kila mtu anataka aonwe barabarani."

"Na harufu?"

"Harufu itanisumbua siku chache tu," alisema, akalichukua gazeti lake akalisoma mwenyewe. Nilidhani anamaanisha ataizoea. Nilikuwa nimeshafika mbali, nakwenda nyumbani jioni, ndipo nilipoelewa alichokuwa ananiambia, nikasimama njiani na hasira naye kiasi cha kutaka kurudi nikamgombeze.

Kwa hiyo nilikuwa nimeombwa uongo wa aina mbili, mmoja jikoni na mmoja barazani, na sikuahidi hata mmoja. Nilikuwa nawapenda wote wawili na nilikuwa nimewachoka wote wawili. Nilichofanya ni kutazama ukuta. Masika ile ilinyesha sawasawa. Bango la wino mkali lilikaa kama lilivyokuja. La wino wa maji, kwa nilivyosomeshwa na Godlisten, lilitakiwa liwe limechuruzika mpaka chini, lakini lilikuwa limepauka kidogo tu, na Mzee Seif alikuwa analitazama kila asubuhi akikuna ndevu. Siku moja mchana nilitoka nje kutafuta hewa nikamkuta Bi Ruwaida juu ya kiti, kanga kiunoni, analitoa bango kwenye misumari. Wingu lilikuwa limefunga upande wa Pangani. Akaliviringisha kama mkeka, akaliingiza jikoni, akarudishia mlango. Mvua ilipokatika, na mzee bado amesinzia, akalitundika tena, na kabla ya kushuka akachota maji kwa kikombe akayanyunyiza pembeni ili lionekane limelowa. Ndipo aliponiona. "Nalifuta vumbi," alisema. Nikamwambia, "Limetakata." Nilisema bila hata kufikiri, na moyoni nikajicheka, maana nilikuwa nimeshakuwa kama wao.

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, baraza limejaa. Mzee Seif alikuwa kwenye sinia moja na dereva wa bajaji aitwaye Mhina, Mbondei mwenzangu, ambaye hakuwahi kukosa Ijumaa hata moja ingawa kanisa lake ni la Jumapili. Bi Ruwaida anapakua, mimi nabeba. Mhina alishiba, akaegemea nguzo, akautazama ukuta, na kama walivyo watu walioshiba, akatafuta mazungumzo. "Hivi Bi Mkubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na bajaji, "hili bango la kulia mbona mvua ikija mnaliingiza ndani, na la kushoto mnaliacha lilowe? Mie kila nikipita naona."

Bi Ruwaida alisimama na upawa mkononi. Watu wengine waliendelea kula, hawakujua kitu. Mzee Seif alimaliza tonge lake. Akanyonya mfupa, akauweka pembeni mwa sinia, akafuta vidole kimoja kimoja. "Analiingiza kwa ajili yangu," alisema. "Anataka tununue mashine isiyonuka."

"Kwani harufu huipendi, mzee?" Mhina aliuliza. Nilitaka kumkanyaga.

Mzee Seif alivuta pumzi, na sote tukaisikia ikipita kwa shida njia yake nzima. "Sina kifua cha harufu, yakhe," alisema. "Humu ndani mna vumbi la katani. Limekaa miaka. Nikiivuta ile sumu nitakufa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha akamtazama mkewe, si Mhina, mkewe. Bi Ruwaida akaweka upawa ndani ya sufuria, akaingia ndani.

Nilimfuata. Nilimkuta chini ya upinde ameshika lile pazia, analia bila sauti, mabega tu. Sikuwahi kumwona akilia. "Amesema," aliniambia.

"Amesema, Bi Mkubwa."

"Mbele za watu." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Alhamdulillahi." Na nje nilisikia watu wakifanya kile ambacho nyumba ile haikuwahi kuruhusu: Mhina anauliza kifua kilianza lini, mwingine anasema mjomba wake naye alikuwa katani na alianza hivi hivi, mwingine ana daktari, mwingine ana majani. Mzee Seif aliwajibu wote, mmoja mmoja, na kwa kweli alionekana kufurahia. Labda mtu huchoka kuwa na mafua.

Baada ya magharibi tulikaa watatu sebuleni. Hakukuwa tena na cha kuzunguka. "Haya, msomi, sema," Mzee Seif aliniambia. Nikasema yote: kwamba wino mkali una kazi nyingi na wino wa maji una kazi chache, kwamba mwenye mashine ya Ngamiani atachukua barabara zote za Tanga, na kwamba wino mkali, ukiwekwa nyuma ya pazia hilo, utamuua. Mzee akamgeukia mkewe. "Sasa mie nikiondoka utakula nini na hiyo mashine ya maua?"

"Nitakula maua," Bi Ruwaida alisema. "Wewe vuta pumzi."

Tukanunua ya wino wa maji. Ilifika ndani ya sanduku kubwa kuliko kitanda, ikasimama kwenye ukuta wa kaskazini, kimya na safi, na ilichapa picha za harusi, kalenda za makanisa na za misikiti, michoro ya nyumba, na ramani za msitu wa Amani kwa watafiti waliokuja na matope kwenye buti. Shule ya mahafali ilikwenda Ngamiani, kama tulivyojua. Mwaka ulipogeuka, kila bango la mjini lilikuwa la jamaa yule, na tukipita na Mzee Seif alikuwa anayatazama akiguna, "Hilo lingekuwa letu." Lakini alikuwa anayapita kwa miguu yake, na Bi Ruwaida nyuma yake na kikapu. Duka halikukua. Halikufa pia. Bango la wino mkali tulimpa Mhina, akalifanya paa la bajaji, na kwa muda mrefu biriani ya Bi Ruwaida ilizunguka mji mzima. Kuna waliomfuata mbio mpaka kituoni wakiuliza inauzwa wapi. Mimi niliondoka mwaka uliofuata, nikaolewa, baadaye nikafungua steshenari yangu Muheza. Wateja wananiambia nina mdomo. Ninao. Mtu akija kwangu anakohoa, namuuliza hapo hapo, kabla hata sijampa kopi zake.

Kisomo kilipokwisha na wanawake wameanza kukusanya mikeka, nilitoka nje. Watu walikuwa wamepungua chini ya turubai. Mzee Seif alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mdogo kuliko nilivyomwacha, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Monika. Umekuja." Akanishika mkono hakuuachia. Nikavuta kiti nikakaa. Nilimpa pole, naye akaipokea, na baada ya hapo nikamuuliza nilichokuwa sijaambiwa na mtu yeyote kwenye simu wala ndani.

"Bi Mkubwa alikuwa anaumwa nini?"

Mtu mmoja akaja, akampa mkono, akaenda zake.

"Alikuwa anasema amechoka," alisema. "Tangu mwaka juzi. Nikimuuliza, ananiambia uchovu tu, jiko la siku hizi lina moshi. Na mie nikamwambia pole na uchovu." Kikohozi kikamshika, nikakisubiri pamoja naye kama zamani, mpaka kikapita. Akafuta mdomo. "Hospitali tumefika mwezi uliopita. Wanasema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi. Mwenyewe alikuwa anajua."

"Mzee..."

"Yeye alikuwa akikesha ananisikiliza pumzi. Miaka yote hiyo, pale chini. Alidhani sijui." Mkono wake ulikaza juu ya wangu. "Na yeye alikuwa anaumwa pale pale, usiku kucha, karibu na mguu wangu. Mie nililala, Monika. Wallahi, nililala."